Kisima cha Tatu Hakina Mayi: Maneno juu ya Kufanya Kazi na Kuifuata

Maneno haya yalisemwa na musimamizi wa kazi za chama kwenye mukutano wetu mukubwa wa mwisho wa Mwezi wa Nane, hapa Luena. Tunayachapa juu ya wanachama ambao hawakufika, na juu ya rafiki wenye kututegemeza kutoka mbali.



Musimamizi wa feza amesema juu ya franka zilizoingia na zilizotoka. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe. Nitaanza na habari mbaya, sababu nikianza na nzuri mutapiga mikono, na mimi nitapata njia ya kukimbia.

Kisima cha tatu hakina mayi.

Kwenye ripoti ya Mwezi wa Ine tuliandika: visima 3 kwa 3, kazi imeisha. Sahihi iliyo chini ya ile ripoti ni yangu. Kulikuwa na picha pia: pompe mupya, mutoto anapiga pompe, mayi yanatoka. Picha haikuwa ya uongo. Siku ile mayi yalikuwa. Lakini katikati ya Mwezi wa Saba nilipita kule asubuhi bila kuambia mutu. Nikakuta bidon tano zimepangwa kwenye simenti, hakuna mutu karibu. Mama moja alikuwa anatoka kwenye muto, bidon kwenye kichwa. Nikamusalimia, nikamuuliza juu ya pompe. Akanijibu: "Ile? Ilikauka, sasa ni wiki tatu. Mi nilizani munajua, juu mulituandika."

Juu mulituandika. Yale maneno yaliniondolea usingizi. Ule mama alifikiri kwamba mutu ambaye jina lake liko kwenye kayé ya chama, chama kinamuona kila siku. Na sisi tulikuwa tumeshafunga kayé.

Sasa tufuate njia ya ile kazi, pole pole, tuone pahali tulipopotea. Mupango ulisema tuchimbe Mwezi wa Nane na wa Tisa, wakati mayi ya chini ya udongo yameshuka kabisa. Simenti ikachelewa njiani, ikafika Mwezi wa Kumi na Mbili, mvua imeshaanza. Tulikuwa na njia mbili: kungoja mupaka kiangazi kingine, ao kuchimba kwenye mvua. Feza ilipaswa kutumiwa mbele ya mwisho wa Mwezi wa Tatu. Tukachimba Mwezi wa Pili. Fundi akakuta mayi kwenye metre 6, akaendelea mupaka metre 8, kisha mayi yakamushinda, akaweka duara za beto na kifuniko. Mimi nikakuja na karatasi yangu. Karatasi iliuliza: mayi yako, ndiyo ao hapana? Nikaandika ndiyo. Haikuuliza ni mwezi gani. Kiangazi kikafika, mayi yakashuka chini ya zile metre 8, na pompe ikabaki inavuta hewa.

Hakuna aliyeiba. Fundi alifanya ile aliyoambiwa. Karatasi zote za simenti, za vyuma na za pompe ziko, kila mutu anaweza kuja kuziangalia. Ni hii inaniuma zaidi. Kama kulikuwa mwizi, tungemufukuza na jambo lingeisha. Lakini feza ilitumika vizuri, na mama yule bado anateka mayi ya muto.

Na wote munajua mayi ya muto yanaleta nini huku kwetu. Kutoka Bukama mupaka Kikondja na Malemba Nkulu, pembeni ya Lualaba na maziwa ya Upemba, kolera si mugeni, inarudi na kurudi. Mvua ya kwanza itaanguka Mwezi wa Kumi. Itasukuma uchafu wote mu muto. Tuko na wiki chache tu.

Wengine wanafikiri kufuata kazi ni kufanya polisi, ni kutafuta nani amekula. Wazee waliotumika kwenye makaa ya mawe hapa Luena wanajua namna ingine. Kapita hakungoja mwisho wa mwaka kusudi ahesabu makaa. Alihesabu magari ya leo, leo. Kama jana yalikuwa mengi na leo ni kidogo, aliuliza leo: kuna nini kule chini? Ni reli imevunjika, ao ni mutu amegonjwa? Kuhesabu mapema kunakuachia nafasi ya kutengeneza. Kuhesabu kwa kuchelewa kunakuachia tu nafasi ya kueleza.

Na sisi waliorudi tunajua kuhesabiwa. Wamoja kati yetu walitoka Mitwaba na pembeni yake wakati wa vita ya 2005 na 2006, wakalala kwenye masomo na kwenye makanisa. Wengine walivuka mupaka, wakakaa miaka Kala na Mwange kule Zambia, mupaka safari za kurudi kati ya 2007 na 2010. Kwenye kambi walituhesabu kila siku: vichwa, sahani, bidon. Tulichoka nayo. Lakini ile hesabu ilikuwa na sababu. Mashirika ya musaada yanatumia kanuni za Sphere, na zinasema: mutu apate hata lita 15 za mayi kwa siku, pompe moja ya mukono isipite watu 500, na nyumba isiwe mbali na mayi kupita metre 500. Leo hakuna mutu wa kutuhesabia. Tuhesabu sisi wenyewe. Pompe ya pili sasa inabeba watu wake na watu wa kisima cha tatu. Foleni inaanza saa kumi ya usiku, na ni wasichana wa masomo wanaokaa kwenye ile foleni.

Kuna mufano mwingine wa inchi yetu. Programu ya Village Assaini, ya Wizara ya Afya pamoja na UNICEF, haiiti kijiji kisafi juu pompe imesimama. Inaangalia mambo saba. Kuwe komite yenye kutumika kweli. Watu 80 kwa 100 wapate mayi safi. Nyumba 80 kwa 100 zitumie choo kizuri. Nyumba 80 kwa 100 zitupe takataka pahali pake. Watu 60 kwa 100 wanawe mikono na sabuni ao majivu, mbele ya kula na kisha choo. Watu 70 kwa 100 waelewe namna uchafu wa choo unafika kwenye mudomo. Na kijiji kisafishwe hata mara moja kwa mwezi. Angalieni vizuri: hakuna hata jambo moja linalouliza mulinunua mifuko ngapi ya simenti. Yote yanauliza watu wanaishi namna gani. Sisi tulihesabu mifuko.

Basi, komite ya kazi inaleta mbele yenu mambo matano, na tungependa yaanze leo.

La kwanza, neno "imeisha" tulipe maana moja. Kisima kimeisha kama kimetoa mayi mupaka mwisho wa Mwezi wa Tisa. Mbele ya pale tutaandika "kimejengwa," basi.

La pili, kayé ikae kwenye pompe, si kwenye biro. Mama mwenye kuchunga pompe ataandika mambo matatu kila siku: bidon ngapi zimetoka, pompe imesimama saa ngapi, na franka ngapi zimeingia mu sanduku ya kutengeneza. Asiyejua kuandika atie alama ya kalamu kwa kila bidon kumi, sisi tutahesabu. Na kila wiki mutu wa komite apite, bila kuambia siku.

La tatu, sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ibaki mu sanduku ya chama mupaka kiangazi kipite. Fundi ajue vile mbele ya kuanza, aikubale kwa sahihi. Kumushitukiza mwishoni si haki.

La ine, habari mbaya isilale kupita siku saba. Mimi nilijua katikati ya Mwezi wa Saba, na nikaambia komite kisha siku kumi na moja. Niliona haya. Ninaomba musamaha kwenu, na kwa zile nyumba kwanza.

La tano ni kwa wageni wetu, na ninalisema kwa heshima. Muliomba picha, tukawapa picha. Tafazali, muombe pia kayé. Na wakati simenti inachelewa, mutuache tusogeze tarehe. Mwaka wa feza unaisha Mwezi wa Tatu, lakini mayi ya chini ya udongo hayajui ule mwaka. Tungekuwa na ruhusa ya kungoja miezi sita, leo nisingekuwa ninasimama hapa na hii aibu. Ila hata sisi hatukuomba ile ruhusa. Tuliogopa feza irudi.

Sasa kuna jambo la kuamua leo. Kisima cha tatu kinaweza kupona. Fundi atashusha duara ndogo za beto ndani ya zile kubwa, na kuchimba chini yake metre tatu ao ine zaidi. Ni lazima ifanyike Mwezi wa Tisa, mayi yakiwa chini. Na hakuna motopompe itashuka ndani ya shimo, juu ya moshi wake: tumesikia vifo vya namna ile, hatutaki kimoja hapa. Lakini feza ya ile kazi haiko. Iliyoko ni ya kisima cha ine, kile tulichoahidi masomo. Tukitengeneza cha tatu, watoto wa masomo watangoja mwaka muzima. Tukianza cha ine, tutakuwa na picha mupya, na ule mama ataendelea kwenda kwenye muto na mvua inakuja.

Mimi ninasema tutengeneze cha tatu. Mwalimu mukubwa wa masomo yuko hapa, na ninajua hatafurahi. Ana haki ya kusema mbele ya kura, na ninaomba apewe neno kwanza, mbele yangu na mbele ya komite. Kisha mwenye kukubali anyanyue mukono, na mwenye kukataa pia anyanyue. Tutaandika hesabu zote mbili.

Mwalimu, karibu.