Mkono wa Daktari Kupitia Waya

Leo ningependa mama, baba, nyanya na kila anayelea mtoto tujiulize swali moja: je, mkono wa daktari unaweza kumfikia mgonjwa aliye mbali?

Sikiliza kisa hiki. Tarehe 7 Septemba 2001, mama mmoja wa miaka 68 alilazwa katika chumba cha upasuaji mjini Strasbourg, Ufaransa. Alikuwa atolewe mfuko wa nyongo. Daktari wake, Jacques Marescaux, alikuwa New York, Marekani, ng'ambo ya bahari. Alitazama skrini na kuongoza mikono ya roboti iliyokuwa kando ya mgonjwa. Mama huyo alipona vizuri.

Ni nini kiliwaunganisha? Ni waya wa faiba. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa njia ya mwanga. Daktari alipousogeza mkono wake, aliona matokeo kwenye skrini kabla ya sehemu moja kwa tano ya sekunde kwisha. Hapa kwetu, nyaya kubwa za faiba zilifika Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya ng'ambo yalipitia setilaiti, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde.

Lakini kuna jambo moja, mama. Roboti ile ilimletea daktari picha tu. Haikumletea hisia ya mkono. Hakuweza kujua kwa vidole kama alichogusa ni kigumu au laini.

Kwa nini hisia ni ngumu kusafirisha? Fikiria unapopima maji ya kumwogesha mtoto kwa kiwiko. Yakiwa moto, unaondoa mkono papo hapo. Je, kama habari ya moto ingechelewa njiani? Ungeungua. Ndiyo maana mashine za kupeleka hisia za mkono hutuma habari kama mara 1,000 kwa kila sekunde. Nao mwanga ndani ya kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ni mbio sana, lakini katika waya wa kilomita 500, kwenda na kurudi huchukua sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Mashine zilizo njiani huongeza kuchelewa kwao. Wataalamu wanaendelea kupunguza ucheleweshaji huo, na hiyo ni kazi nzuri.

Basi haya yanakuhusu vipi wewe nyumbani? Siku hizi unaweza kumpigia mhudumu wa afya simu, hata mkaonana kwa video. Tumia nafasi hiyo kupata ushauri. Lakini kumbuka, simu haiwezi kugusa. Haiwezi kupapasa tumbo la mtoto. Haiwezi kugusa utosi wa mtoto mchanga kujua kama umevimba au umebonyea. Haiwezi kufinya ngozi ya tumbo taratibu kuona kama inarudi upesi, jambo linaloonyesha kama mtoto anayehara amepungukiwa na maji.

Kwa hiyo, usikae ukingoja kupigiwa simu ukiona dalili hizi za hatari:

Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
Anatapika kila kitu anachopewa.
Amepatwa na degedege.
Amelegea sana, au haamki.
Anapumua kwa shida, na kifua kinabonyea anapovuta pumzi.

Ukiona hata moja, mpeleke mtoto hospitalini au kwenye zahanati iliyo karibu mara moja, hata kama ni usiku. Ikiwa lazima upige simu, piga ukiwa njiani.

Na hata katika upasuaji ule wa Strasbourg, kulikuwa na madaktari wengine chumbani kando ya mgonjwa, tayari kushika kazi mashine ikikwama. Waya husaidia. Mkono ulio karibu ndio huokoa, na mkono wa kwanza kabisa kumgusa mtoto wako akiugua ni wako wewe.