Tanuri la Ufipa lirudi darasani
Maonesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza 2012 jijini Dar es Salaam, yamewapa wanafunzi jukwaa la kuonesha majaribio yao. Vizuri. Lakini mwanafunzi wa Mollo, huko Ufipa mkoani Rukwa, asingoje nauli ya basi ili aione sayansi; iko kwao. Kwenye nyanda za Ufipa, wahunzi walijenga ilungu, tanuri la udongo refu kuliko mtu. Matundu ya chini yalivuta hewa bila mivukuto. Gesi ya mkaa unaoungua ikaipokonya oksijeni iliyoshikana na chuma ndani ya mawe. Kisha chuma kikasafishwa katika kintengwe, tanuri dogo, hapo sasa mivukuto ikipuliza hewa. Hiyo ni kemia ya sekondari, tena tamu. Walimu wajenge mfano wake uwanjani, wamwalike mhunzi na mhandisi wa madini. Na wanafunzi waruhusiwe kuwauliza wageni hao mshahara wao.