Owuor na Wasomaji Wake: Riwaya ya Kiyahudi Kawangware na Kibera



Mwenzetu mmoja, ambaye namheshimu na kwa sababu hiyo simtaji, aliniuliza mbele ya wanafunzi wangu kwa nini napeleka riwaya ya Kiyahudi Kawangware, hapa Nairobi. Fasihi hiyo, alisema, ina wenyewe. Wana sinagogi lao, waunde klabu yao ya vitabu wasome habari zao. Mtu wa mtaa wa mabanda ana shida ya maji na choo, tumwache. Tena, akaongeza, Mwalimu Nyerere alikwisha kutupatia Myahudi wetu, Shylock, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuwa Mabepari wa Venisi, mwaka 1969.

La maji ndilo lililoniudhi zaidi. Tangu lini foleni ya mitungi ikamzuia mtu kusoma? Nimeona gazeti la juzi likigombewa katika foleni hiyo hiyo.

La Shylock ni zito, ila linamgeukia msemaji. Shylock aliandikwa na Mwingereza asiyekuwa Myahudi. Kuridhika naye ni sawa na kumjua Mkikuyu kwa kalamu ya mlowezi Karen Blixen peke yake. Myahudi aseme mwenyewe.

Na yupo aliyesema, tena kuhusu nchi hii. Historia ya Wayahudi hapa siirudii: pendekezo la Mwingereza Chamberlain la kuwapa makao Uasin Gishu, mwaka 1903, mnalijua. Sinagogi la University Way, jengo la 1955, mmelipita mkija hapa. Nitaingia moja kwa moja kwenye Nirgendwo in Afrika ya Stefanie Zweig, iliyotoka Ujerumani mwaka 1995. Mwandishi alizaliwa 1932, akaletwa Kenya 1938 familia ilipowakimbia Wanazi, na riwaya imejengwa juu ya maisha hayo. Baba, Walter, ni wakili. Huku uwakili wake haukumfaa kitu, akawa msimamizi wa mashamba ya watu, Rongai kisha Ol Joro Orok. Vita vilipoanza 1939, Waingereza walimweka kizuizini kama Mjerumani, adui. Mtu aliyefukuzwa na Wajerumani hao hao kwa kuwa Myahudi!

Hapo msomaji wa Kibera hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Wanubi wa Kibera walimpigania Mwingereza katika jeshi la KAR, na mwaka 1918 Kibera ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, ekari 4,197. Wajukuu wao walisumbuliwa kupata vitambulisho hata kamati ya Afrika ya haki za mtoto ikaipata Kenya na hatia mwaka 2011. Hati ya ardhi ilipokuja, 2017, ilikuwa ya ekari 288. Sisemi mambo haya yanalingana. Mauaji ya Wayahudi sitayapunguza ili mhadhara wangu upendeze. Nasema swali la karani, "Wewe ni wa wapi hasa?", linajulikana pande zote mbili.

Sasa Owuor, mpishi Mjaluo, ambaye kwa ajili yake ningeweza kuwashikilia hapa mpaka usiku. Walter anaugua malaria, Owuor anamuuguza, na Walter anamzawadia joho lake jeusi la uwakili. Familia ikihamia Ol Joro Orok, Owuor anaifuata kwa miguu, na mbwa wao pembeni. Binti, Regina, anakua akiongea Kiswahili. Wahakiki watasema: mtumishi mwaminifu, picha ya kikoloni. Na kama nilimkataa Shylock, mbona namkubali Owuor, naye ameandikwa na mwingine? Hoja nzuri. Jibu sikulipata kwenye semina.

Jumamosi moja, katika chumba cha kanisa karibu na soko la Kawangware, nilisoma habari ya joho nikitafsiri papo hapo. Mama mmoja anayepika katika nyumba za watu Lavington akanikatiza: "Na mshahara?" Chumba kizima kikacheka, yeye hakucheka. Mwenzake akasema bosi akianza kukupa nguo, hesabu siku za mwezi vizuri. Yaya mmoja akawapinga: mtoto uliyemlea akiondoka na lugha yako, ameondoka na mali yako, na siku moja itaonekana. Zweig aliondoka Kenya 1947. Miaka 48 baadaye Kiswahili kilionekana, ndani ya kitabu cha Kijerumani.

Semina zangu zimejadili uhamisho na kumbukumbu mpaka zikachoka. Hakuna aliyeuliza mshahara. Ndiyo maana nashikilia, mnipinge mtakavyo, kwamba kitabu hiki kina wenyewe wawili, na nusu ya ufafanuzi wake iko kwa wanaopanda matatu ya 46 alfajiri kwenda kuwapikia wengine.

Kwa hiyo naomba. Wa sinagogi, mkisoma riwaya hii, someni pamoja nao. Kibera kuna maktaba, tuanzie hapo. Leteni na filamu ya mwaka 2001, Wakenya wamwone Sidede Onyulo akiwa Owuor. Na mwenzangu aliyeniuliza, kiti chako kipo. Njoo umjibu yule mama kuhusu mshahara.