Akiba na Uamuzi wa Mapema

Sayansi ya tabia, yaani taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoamua katika maisha halisi, inaonyesha kwamba asiyeweka akiba mara nyingi hakosi nia, bali huzidiwa na haja za papo hapo fedha ikiwa mkononi. Huko Busia, Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walibaini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kwamba wakulima waliouziwa mbolea mara tu baada ya mavuno, wakapelekewa bila nauli, waliitumia zaidi, kwa kuwa waliinunua kabla fedha haijatumika kwingine. Kwa mama lishe wa Kijenge, Arusha, ambaye hastahili kabisa kuitwa mzembe, kinga kama hiyo hutolewa na VICOBA, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, ambako sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na wanachama tofauti, huhifadhi fedha ya sare na madaftari hadi shule zifunguliwe Januari.