Kamera Ndani ya Biblia

(Hotuba kwa wazee wa kanisa na vijana wapiga picha)



Mmeniomba nizungumze juu ya sanaa na kupigania haki. Nimechagua maisha ya mtu mmoja, Peter Magubane wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki tarehe 1 Januari 2024.

Katika jarida la Drum, mjini Johannesburg, alianza akiwa dereva. Itazameni picha yake hii ya mwaka 1956. Mtoto wa Kizungu ameketi kwenye benchi lililoandikwa kuwa ni la Wazungu pekee. Yaya wake Mwafrika ameketi nyuma ya benchi hilo, mkono wake ukimgusa mtoto. Hamna damu wala bunduki. Magubane hakuwa na lenzi ya kuvuta mbali, ikambidi asogee karibu, na ukaribu huo ndio uliotupa ule mkono. Kwangu mimi, picha hii inaushtaki ubaguzi wa rangi kuliko hotuba nyingi, hii yangu ikiwemo.

Palipokatazwa kamera, alichimba Biblia, akaificha humo na kufyatua kwa waya uliokuwa mfukoni. (Wazee, msinikasirikie, aliyasimulia mwenyewe.) Katika kesi moja huko Zeerust, waandishi wa habari wakiwa wamezuiwa, aliificha ndani ya mkate akijifanya anakula. Mkate ulipopungua, akanunua maziwa, na kamera ikahamia katika pakiti.

Tunacheka, lakini gharama yake haikuwa ya kuchekesha. Mwaka 1969 alikamatwa, akafungiwa peke yake kwa siku 586. Alipotoka, akapigwa marufuku kwa miaka mitano.

Nifike sasa kwenye jambo lililonileta. Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana, walimkataza asiwapige picha, kwa kuwa picha zingewafichua kwa polisi. Aliwajibu kwamba mapambano yasiyo na kumbukumbu si mapambano. Wakamkubalia.

Hofu ya wanafunzi wale haikuwa ya kitoto. Hapa kwetu, picha na video za maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 ziliuonyesha ulimwengu vijana wakipigwa risasi karibu na Bunge. Miezi iliyofuata, vijana kadhaa walitekwa nyara, na familia zao zikazunguka vituo vya polisi zikiwatafuta. Picha inayomshtaki askari yaweza pia kumwongoza hadi mlangoni kwa kijana.

Je, Magubane alikosea? Sidhani. Bila yeye na wenzake, serikali ile ingalisimulia Soweto ipendavyo. Lakini alikuwa na haki ya kuwaomba watoto wale wajihatarishe, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulala kwenye sakafu ya seli. Anayepiga picha kutoka dirisha la hoteli hana haki hiyo, na mhariri aketiye mezani, kama mimi, anayo kidogo zaidi ya sifuri.

Juzi nililetewa picha nzuri sana ya maandamano ili niionyeshe leo. Nuru yake ingempendeza Magubane. Sikuja nayo. Nyuso mbili zaonekana waziwazi, na wenyewe hawajaulizwa.