Historia ya Bendi za Vijana na Funzo Lake Kwetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwanhuzi)



Mbele yetu ipo hoja ya kuwanunulia vijana wa shule hii vyombo vya bendi. Wapo wanaotaka bendi kamili ya gwaride, pamoja na zile zumari za kiriba ambazo mpigaji huukumbatia mfuko wa ngozi kwapani. Wapo pia wanaosema kwamba hiyo ni anasa. Kabla hatujapiga kura, naomba tutazame historia, maana bendi za vijana hazikuanza leo, na si zote zilizodumu.

Tarehe 4 Oktoba 1883, katika mji wa Glasgow, Uskochi, William Alexander Smith alianzisha chama cha wavulana kiitwacho Boys' Brigade. Chama hicho kilichanganya mafundisho ya dini na nidhamu ya gwaride. Gwaride linataka ngoma na tarumbeta, na kwa kuwa Uskochi ndiko nyumbani kwa zumari za kiriba, vikosi vingi vya chama hicho vikawa na bendi za zumari hizo. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba mabomba ya zumari hizo huchongwa zaidi kwa mpingo, mti wetu wa Tanzania. Gogo linatoka kwetu kusini, linavuka bahari, kisha linarudi likiwa chombo cha bei ambayo shule haiwezi kuimudu. Thamani iliyoongezeka njiani ni ufundi. Naomba tulikumbuke neno hilo, ufundi.

Huku kwetu, katika miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walizitazama bendi za wanajeshi na za misheni, nao wakaunda za kwao. Wakaziita beni. Vikatokea vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza beni hadi bara. Vyama hivyo vilikuwa na mavazi ya gwaride na vyeo vya kifalme na kijeshi, hata wakoloni wakavishuku. Lakini nyuma ya tarumbeta kulikuwa na kazi ya maana: wanachama walichangishana, walimpokea mgeni aliyeingia mjini bila ndugu, na walimzika mwenzao aliyefariki. Pale ambapo tarumbeta za shaba hazikupatikana, watu walitumia walichokuwa nacho. Kule Ziwa Nyasa, wachezaji wa mganda walitengeneza tarumbeta zao kwa vibuyu. Hapakuwa na mfadhili, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuondoka na vyombo.

Baada ya uhuru tulifuata njia nyingine. Mwaka 1971, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha bendi yake, Vijana Jazz, jijini Dar es Salaam. Wengi tuliokuwepo ukumbini tunaikumbuka kwa redio, na tunamkumbuka Hemed Maneti, mwimbaji na kiongozi wake, na baadaye Kida Waziri. Nyakati zile bendi nyingi zilikuwa za vyama na mashirika ya umma. Mwenye vyombo alikuwa shirika, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mpango huo ulikuwa na heri yake. Kijana asiye na kitu alipata gitaa la kupiga na mshahara wa mwezi, na nchi ikapata muziki ambao hadi leo unapigwa. Lakini ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: mpigaji alipoondoka, chombo kilibaki, na shirika lilipoishiwa, mpigaji alibaki mikono mitupu. Maneti alifariki mwaka 1990, na katika miaka iliyofuata bendi haikurudia kimo chake cha zamani.

Sasa tutazame hapa hapa kwetu Usukumani. Bagika na Bagalu ni vyama vya ngoma vilivyoanza katika karne ya 19, vikitokana na wachezaji wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Wameona utawala wa Wajerumani, wa Waingereza, na uhuru, na bado wanashindana. Bujora, katika sherehe za Bulabo, anayeshinda ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa nini wamedumu? Ngozi ya ngoma ikipasuka, yupo wa kuiwamba kijijini. Kiongozi akizeeka, yupo kijana aliyekwisha kufundishwa. Hawasubiri barua kutoka popote.

Ndugu Mwenyekiti, kwa maoni yangu hoja hii ipite, lakini kwa masharti manne.

Kwanza, tununue ngoma na tarumbeta chache. Zumari za kiriba tuziache. Ulimi wake wa matete haupendi ukavu, nasi wote tunaujua upepo wa Meatu mwezi wa Agosti. Ukipasuka, wa kuweka badala yake utaagizwa ng'ambo.

Pili, fungu la matengenezo na posho ya mwalimu vitengwe kabla ya kununua chombo cha kwanza.

Tatu, mafundi wa ngoma wa wilaya yetu waitwe na walipwe, ili wawafundishe wanafunzi kuchonga na kuwamba.

Nne, bendi iwe na kamati ya wanafunzi yenye mweka hazina na daftari lake, na asimalize kidato cha nne mpigaji yeyote ambaye hajamfundisha mwenzake wa kidato cha pili.

Tukikataa masharti hayo, basi heri fedha hizo ziende kwenye madawati, kwa kuwa dawati halihitaji mrithi. Bendi bila mrithi ni shaba ya kuwekwa stoo.