Neno la Mwisho Juu ya Ardhi: Kijiji, Mtaa na Bunge



Nimeombwa nizungumzie haki ya wenyeji juu ya ardhi na haki yao ya kujitawala, na namna Bunge letu lilivyolibeba suala hilo. Songea ni mahali pagumu pa kulizungumzia, na kwa sababu hiyo panafaa sana. Wangoni walifika huku katika karne ya 19 wakitokea kusini, wakawakuta Wandendeule na Wamatengo, wakasimamisha tawala za Njelu na Mshope kwa mkuki. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga hapa hapa Songea makumi ya viongozi wa Kingoni kwa kushiriki vita vya Majimaji. Mtu aliyekuwa mvamizi machoni pa babu wa mmoja wenu ni shujaa aliyeifia nchi machoni pa babu wa jirani yake. Tukianza kuulizana nani alitangulia, hatutamaliza, na tutaumizana bure.

Tanzania iliamua kutolijibu swali hilo. Septemba 2007 iliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, wakati jirani zetu wa Kenya hawakuunga mkono wala kupinga. Hata hivyo serikali yetu imeshikilia kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji. Katika sheria zetu, haki ya ardhi ya shamba haifuati damu ya mtu bali kijiji chake. Msingi huo naukubali kwa moyo wote. Lakini una sharti lake: kama kijiji ndicho kinachobeba haki ya mwananchi, basi kijiji hicho kisiwe kitu cha kufutwa kwa kalamu ya mkubwa mmoja. Sharti hilo Bunge halijalitimiza.

Tatizo ni la siku nyingi. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 iliziweka ardhi za Tanganyika mikononi mwa Gavana. Wameru waliyaona matokeo yake mwaka 1951, walipofukuzwa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwakilishi wao Kirilo Japhet akasafiri hadi New York mwaka 1952 kuwashtaki watawala mbele ya Umoja wa Mataifa, lakini safari ile haikuwarudishia watu mashamba yao. Uhuru ulipokuja, Gavana akaondoka na mamlaka yake juu ya ardhi yakabaki, sasa yakiwa ya Rais.

Hapa lazima nisimame Litowa, maana sielewi kwa nini vijana wa Songea wanamaliza shule bila kulisikia jina hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuishi na kulima pamoja Litowa, katika wilaya hii. Njaa na upweke viliwarudisha wengine nyumbani, lakini waliobaki waliendelea. Mwaka 1963 wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kabla muongo ule haujaisha vijiji kama 17 vilikuwa vimejiunga. Walikuwa na shule yao Litowa, iliyowafundisha watoto kazi na masomo kwa pamoja. Waliamua wenyewe walime nini na mapato wayagawe vipi, na hakuna bwana shamba wala katibu aliyewaamulia. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na mawazo yake ya ujamaa vijijini yana deni la shukrani kwao. Lakini mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala, ikakivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma na mali zake zikachukuliwa. Miaka michache baadaye watu wakahamishiwa vijijini kwa amri nchi nzima. Litowa ilikuwa na kila kitu isipokuwa sheria ya kuilinda. Iliishi kwa ridhaa ya wakubwa, na ridhaa ilipokwisha, nayo ikaisha.

Uhamishaji huo, ulioitwa Operesheni Vijiji, uliacha migogoro ya mashamba kila mkoa. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati ule, ikazima na kesi zilizokuwa mahakamani. Wanakijiji wawili, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakaipinga mahakamani. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Rais anaishika ardhi kama mdhamini wa wananchi. Mahakama iliona kwamba kusema vinginevyo ni kuwageuza wananchi wavamizi katika nchi yao.

Wakati kesi ile ikiendelea, Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi, kuanzia mwaka 1991, ikiwasikiliza wananchi katika mikutano ya hadhara. Pendekezo lake kuu lilikuwa wazi: ardhi ya kijiji iwe mali ya kijiji chini ya mkutano mkuu wake, na ardhi ya taifa iondolewe mikononi mwa Rais na mawaziri, ikabidhiwe chombo kinachowajibika kwa Bunge. Serikali ikalikataa, na Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 ikaiacha ardhi yote chini ya Rais. Miswada ya sheria za ardhi iliyofika bungeni Februari 1999 iliandikwa kwa Kiingereza. Wabunge waliijadili kwa Kiswahili, na mwanakijiji wa Peramiho au Namtumbo hakuwa na maandishi ambayo angeweza kuyasoma mwenyewe na kuyapinga. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sitawadhulumu waliounga mkono miswada ile. Walihofia kwamba vijiji vingefunga milango, mitaji isipate pa kukaa, na wenyeviti wa vijiji wangeuza ardhi ya watu. Hofu hii ya mwisho ina ukweli, na mnaijua mifano yake. Ila mwenyekiti huuza pale ambapo mkutano mkuu haukuitishwa. Dawa yake ni mkutano wenye nguvu, wala si waziri mwenye nguvu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ina mema yake. Mila inayomnyima mwanamke ardhi imebatilishwa humo, na halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Lakini someni kifungu cha 4. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na haizidi hekta 250, mkutano mkuu unaweza kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni, na Waziri ndiye anayeamua. Yaani kijiji kina neno la mwisho juu ya kipande, na kwa eneo kubwa hubaki na ushauri tu. Kibaya zaidi, sheria pacha yake, Sheria ya Ardhi Namba 4, inahesabu ardhi ya kijiji isiyotumika kuwa ardhi ya jumla. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba linaweza kuitwa pori lisilo na mwenyewe.

Sasa tuje hapa Ruhuwiko. Hii ni kata ya Manispaa ya Songea, yenye uwanja wa ndege, na mji unazidi kusogea. Mji ukimeza kijiji, kijiji kinakuwa mtaa. Wananchi wanaendelea kumchagua mwenyekiti na kukutana kwenye mikutano, lakini mkutano wa mtaa hauna mamlaka juu ya ardhi. Upimaji, ugawaji wa viwanja na hati vinahamia manispaa na kwa Kamishna wa Ardhi. Mkulima anaamka na mahindi yake yamo ndani ya ramani ya mipango miji, na kinachobaki ni kudai fidia ambayo sheria inasema iwe kamili, ya haki na ya haraka. Bunge halikuuliza mkutano wa wananchi unakwenda wapi kijiji kinapokoma.

Kalamu ile ya mkubwa mmoja tuliiona pia Ngorongoro. Februari 2022 wabunge walilijadili eneo lile la hifadhi kwa ukali, wengi wakizungumzia mifugo na watu kama mzigo kwa wanyamapori. Agosti 2024 tangazo la serikali likavifuta vijiji 25 vya Tarafa ya Ngorongoro kwenye orodha ya maeneo ya utawala, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wake. Mmasai wa Ngorongoro na mkulima wa Ruhuwiko hawafanani kwa maisha, lakini wote wawili haki yao imefungwa kwenye usajili ambao wao hawaushiki.

Ninayoyadai kwa Bunge ni haya. Kifungu cha 4 kirekebishwe ili mkutano mkuu uwe na neno la mwisho bila kujali idadi ya hekta. Maneno kuhusu ardhi isiyotumika yaondolewe katika Sheria Namba 4. Kijiji kisifutwe wala kisigeuzwe mtaa kabla wakazi wake hawajapiga kura, mpaka wa kila shamba haujaandikwa, na fidia haijalipwa. Na mkutano wa mtaa upewe kura juu ya mpango wowote wa upimaji ndani ya eneo lake, kura inayoifunga manispaa.